Baraka: Komunike yetu ilifika baada ya mega kuisha

Leo sileti habari ya barabara wala ya usalama. Nawaletea habari ya kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilimgharimu mtu, na kwa sababu limenifundisha jambo ambalo kila anayeandika kwenye intaneti huku kwetu anapaswa kulijua.

Mnakumbuka mwaka 2025. Katikati ya mwezi wa pili, Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23, na watu wa uwanda wa Ruzizi wakatawanyika. Wengine walivuka mto Ruzizi wakaingia Burundi. Wengine walishuka Uvira, na baadhi yao wakaendelea kusini kwa barabara ya taifa namba 5 au kwa mitumbwi ya ziwa Tanganyika mpaka huku Fizi. Hapa Baraka wengi walipokelewa kwenye nyumba za raia, familia mbili au tatu chini ya bati moja.

Siku hizo nilikuwa natuma habari karibu kila jioni. Kitu ambacho watu waliniomba kuliko vyote ni matangazo: wanaandikisha wapi, siku gani, mtu aje na karatasi gani. Uvumi ulikuwa mwingi na watu walikuwa wamechoka kutembezwa bure. Kwa hiyo nilianza desturi ambayo niliiona nzuri. Komunike ikibandikwa ukutani, naipiga picha pamoja na saini na muhuri wake, kisha naiweka juu kabisa ya ukurasa. Watu huku wanaamini muhuri. Chini ya picha niliandika mistari miwili tu: “Komunike ni hiyo hapo juu. Muisome wenyewe na muwajulishe wengine.”

Jioni moja niliweka komunike ya kuandikisha familia za deplase. Siku ilikuwa keshokutwa, saa mbili asubuhi. Wiki hiyo haikuisha, mama mmoja aliyekimbia kutoka uwandani akanikuta kwenye nyumba ya kushaji simu karibu na soko.

“Mwanangu, ni wewe unaandikaka zile habari?”

“Ndiyo, mama.”

“Nilinunua mega za mwisho juu ya ile komunike yako. Picha ikazunguka, ikazunguka, mega zikaisha. Nikaona tu pale umeandika eti muisome wenyewe.”

Hakupaza sauti. Alikuwa na watoto wanne na mama mkwe. Walioandikishwa siku ile walipata jetoni. Yeye alisikia habari wakati meza zilikuwa zimekwisha ondolewa.

Nilimjibu jibu ambalo sisi wote tunalo mdomoni: “Mama, ni rezo.” Akaitikia kwa kichwa, akachukua simu yake, akaenda. Mimi nikabaki na jibu langu, na halikunitosha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa najivunia ule ukurasa. Kwenye simu yangu ulifunguka mara moja. Watu wa Fizi wanaoishi Marekani walikuwa wananiandikia kunipongeza kwamba picha ni safi na kubwa, mpaka muhuri unasomeka. Sikujiuliza swali moja rahisi: yule ambaye ukurasa haukumfungukia angeniandikia pongezi gani? Kila aliyenisifu alikuwa ni mtu ambaye tayari ameona picha. Na simu yangu je? Simu yangu ilikuwa imeihifadhi picha tangu niliponunua mega na kuifungua mara ya kwanza. Kila nilipoirudia, iliitoa kwenye mfuko wake yenyewe. Nilikuwa napima njia kwa kukaa nyumbani.

Kuna kijana mmoja hapa Baraka anayetengeneza simu, ambaye alisoma mambo ya kompyuta Uvira. Nilimpelekea ukurasa wangu. Akachomeka kompyuta yake kwenye betri ya sola, akafungua dirisha la ukaguzi, akafuta kila kitu kilichohifadhiwa, kisha akapunguza mwendo wa intaneti mpaka ufanane na simu inayoonyesha herufi E juu ya kioo. Tukasubiri. Kwenye dirisha vikatokea vistari, kimoja kwa kila kitu ambacho ukurasa uliomba. Kila kistari kilianza pale kitu kilipoombwa na kuishia pale kilipofika.

“Yaya, tafuta kistari cha komunike yako,” akaniambia.

Nilitafuta juu sikukiona. Kilikuwa chini kabisa, kimeanza wakati vingine vingi vimekwisha.

“Umeona? Kabla hata haijaanza kutembea, picha yako imekwisha chelewa. Hakuna aliyeiita.”

Hapo ndipo alinieleza jambo ambalo nataka kuwaeleza na ninyi, kwa maneno yangu.

Programu tunayofungulia intaneti, iwe Chrome, Firefox au nyingine, ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kivinjari. Mtu akibonyeza habari yangu, kinachomfikia kwanza ni maandishi matupu yaitwayo HTML. Ndani yake mna maneno ya habari, pamoja na alama zinazosema: hapa weka picha fulani, hapa tumia rangi fulani. Picha yenyewe haimo. Kivinjari kinasoma kutoka juu kwenda chini, na kila kinapokutana na jina la kitu ambacho hakina, kinatuma ombi kwa seva ili kiletewe.

Tabu ni kwamba njiani kuna vitu vinavyokisimamisha. Kuna faili la mapambo liitwalo CSS, linalosema herufi ziwe kubwa namna gani na kila kitu kikae wapi. Kuna programu ndogo ziitwazo skripti. Zamani, kivinjari kikisimama kusubiri skripti, kila kitu nyuma yake kilisimama pia. Mnamo 2008 na 2009 watengenezaji wa vivinjari vikubwa walianza kuweka msomaji wa pili. Wakati msomaji wa kwanza amesimama, huyu wa pili anatangulia mbele katika HTML, anakusanya majina ya picha na mafaili, na kuyaagiza mapema.

Ni kama wageni wanapofika nyumbani. Mama bado anasalimiana nao mlangoni, habari za safari ndefu, habari za watu wa kule. Lakini mtoto amekwisha wahesabu na kukimbilia jikoni kuongeza maji ya bukari kwenye sufuria. Salamu zikiisha, chakula kiko karibu. Sasa kama mgeni mmoja amebaki nyuma ya gari, mtoto hamhesabu. Ataonekana watu wakishakaa mezani, na bukari yake itaanza kupikwa hapo.

Komunike yangu ilikuwa ndiyo yule mgeni nyuma ya gari, na ilifichwa mara mbili.

Kwanza, vazi la ukurasa nililochukua bure kwenye intaneti halikuandika jina la picha ya juu ndani ya HTML. Lililiandika ndani ya faili la mapambo, kama vile picha ni rangi ya ukuta. Msomaji wa pili hasomi faili la mapambo, anasoma HTML peke yake. Kwa hiyo kivinjari kililazimika kuleta HTML, kisha kuleta faili la mapambo na kulisoma, kisha kupanga ukurasa, ndipo kikagundua: kumbe hapa juu panatakiwa picha. Kwenye rezo nzuri, safari hizo ni kufumba na kufumbua. Kwenye rezo yetu, ombi moja tu kwenda na kurudi linaweza kumaliza nusu sekunde au zaidi. Na picha zangu nilikuwa nimeziweka kwenye seva nyingine. Kabla ya kuomba chochote huko, simu ilipaswa kuuliza anwani ya seva hiyo, kufungua mlango, na kukubaliana siri ya mazungumzo. Hizo ni safari tatu hivi kabla ya herufi ya kwanza ya picha kuanza kuja.

Pili, kosa hili lilikuwa la mikono yangu kabisa. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna namna ya kuhifadhi mega za wasomaji: unaziwekea picha neno “lazy”, yaani picha mvivu. Picha yenye neno hilo haiombwi mpaka msomaji aikaribie kwa kuteremsha kioo. Jambo hilo ni zuri sana kwa picha za chini, maana mtu asiyefika chini hazilipii. Chrome ilianza kulielewa neno hilo yenyewe mwaka 2019. Lakini mimi niliweka programu iliyolibandika kwenye kila picha, hata ile ya juu kabisa. Hata pale ambapo jina la picha lilikuwa ndani ya HTML, msomaji wa pili aliliona neno “lazy” na kuipita. Inabidi kwanza ukurasa upangwe, ndipo kivinjari kijue kwamba picha hiyo iko mbele ya macho. Nilimwambia mgeni wa heshima asubiri nje mpaka aitwe, kisha nikalaumu barabara.

Nilipata faraja kidogo kujua kwamba sikuwa peke yangu. WordPress, programu inayotumiwa na kurasa nyingi sana duniani, ilianza mwezi wa nane 2020, katika toleo la 5.5, kubandika neno hilo kwenye picha zote. Mwezi wa kwanza 2022, katika toleo la 5.9, ikaanza kuiacha picha ya kwanza. Mwezi wa nane 2023, toleo la 6.3 likaanza kukisia lenyewe ni picha ipi iliyo kuu na kuipa alama ya haraka. Basi hata wakubwa walihitaji miaka mitatu kulirekebisha jambo hili.

Kulikuwa na kosa la tatu, la uzito. Picha ya simu yangu ilikuwa na megabaiti 4. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme rezo ya herufi E inapitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Megabaiti 4 ni kilobiti 32,000. Gawanya kwa 100, unapata sekunde 320, yaani zaidi ya dakika 5, kama rezo haikatiki. Tulipoipunguza picha ileile mpaka upana wa pikseli 800 na kuibana, ilibaki kilobaiti 80 hivi, na maneno bado yanasomeka. Hiyo ni kama sekunde 6 na nusu. Mama yule alinunua mega chache, na mimi peke yangu nilitaka kumla nne kwa karatasi moja.

Tulichofanya kinaweza kufanywa na yeyote. Tuliitoa picha kuu kwenye faili la mapambo, tukaandika jina lake ndani ya HTML yenyewe, ili yule msomaji wa pili aione mapema. Tukaliondoa neno “lazy” kwenye picha hiyo peke yake na kuliacha kwenye za chini. Kisha tukaongeza alama iitwayo fetchpriority yenye thamani ya juu. Sababu ni kwamba kivinjari kinazipa picha cheo cha chini mwanzoni, nyuma ya mapambo na skripti, kwa kuwa hakijui bado ni ipi kubwa. Alama hiyo inakiambia: hii ndiyo kuu, ilete sasa. Chrome iliipokea mwaka 2022, Safari mwaka 2023 na Firefox mwaka 2024. Simu ya zamani isiyoijua inaipita tu, haiharibu kitu. Tukaandika pia upana na urefu wa picha, ili nafasi yake itengwe mapema na maneno yasiruke wakati mtu anasoma. Mwisho tukahamisha picha kwenye seva ileile ya ukurasa.

Kijana aliniambia kwamba kama vazi la ukurasa halikubali picha kutoka kwenye mapambo, ipo njia nyingine: kuandika mwanzoni kabisa mwa HTML mstari unaotangaza kwamba picha fulani itahitajika, iagizwe mapema. Lakini akanionya. Wiki ileile nilitaka kuweka alama ya haraka kwenye picha tano, kwa kuwa kila mwenye habari anataka ya kwake itangulie. “Yaya, wote wakiwa wa kwanza kwenye foleni, foleni imekwisha,” akasema. Njia ya rezo ni nyembamba. Picha tano zikikimbizwa pamoja zinagawana njia hiyo, na ile moja ya maana inachelewa tena. Kwa hiyo mwandishi analazimika kuchagua. Hili si jambo la kompyuta, ni jambo la kazi yetu ya habari: leo, ni kipi ambacho mtu akikikosa ataumia?

Kuna kipimo cha mambo haya. Mwaka 2020 Google ilitangaza vipimo vya kurasa, na kimojawapo kinaitwa LCP. Kinahesabu muda tangu mtu anapoanza kufungua ukurasa mpaka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo chake kionekane. Mara nyingi kitu hicho ni picha kuu. Sekunde 2.5 au chini yake ni vizuri, zaidi ya sekunde 4 ni vibaya. Muda huo unagawanyika sehemu nne: kusubiri seva ijibu, kusubiri picha iombwe, kusubiri picha ifike, na kusubiri ichorwe kwenye kioo. Mimi nilikuwa nafikiri ipo sehemu ya tatu peke yake, ile ya rezo. Sehemu ya pili ilikuwa mikononi mwangu, na hata nisingekuwa na faranga moja ningeweza kuirekebisha.

Lakini nina neno kuhusu kipimo hicho. Ukurasa unahesabiwa kuwa mzuri kama robo tatu ya wanaoufungua wanapata muda mzuri. Sasa tazameni wasomaji wangu. Wapo walio Marekani, wapo wa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wapo walio Burundi, na wapo walio hapa Baraka na kule milimani Fizi. Nikiwapata wengi wenye rezo nzuri, kipimo kitanipa alama ya kijani, na robo inayobaki inaweza kuwa ni hawa hasa ambao komunike inawahusu. Tangu hapo sijaribu ukurasa kwenye simu yangu tena. Naomba simu ya mtu aliyekuja kushaji, ambaye hajafungua ukurasa wangu siku hiyo, nampa mega, na nahesabu kwa mdomo.

Badiliko kubwa kuliko yote halikuhitaji fundi. Tarehe, saa, mahali na karatasi za kuleta sasa naziandika kwa maneno, juu kabisa, kabla ya picha. Maneno yanakuja pamoja na HTML yenyewe, hayahitaji kuombwa mara ya pili. Mtu anaweza kuyanakili na kuyatuma kwa meseji ya kawaida kwa mwenye simu ndogo ya tochi, au kuyasoma kwa sauti kwa watu waliokaa barazani. Picha huwezi kuitia ndani ya meseji ya maneno. Muhuri bado nauweka, maana watu wanataka kuuona, lakini muhuri unakuja kuthibitisha kile ambacho msomaji amekwisha kisoma.

Na kwa kuwa wengi wenu mnapata habari zetu kwenye makundi ya WhatsApp, mjue kwamba ile picha ndogo inayotokea juu ya kiungo inapatikana kwa njia nyingine. WhatsApp inasoma mstari maalumu mwanzoni mwa HTML, unaotaja picha ya kutambulisha ukurasa, mtindo ulioletwa na Facebook mwaka 2010. Hapo pia naweka kichwa chenye tarehe ya tukio, ili hata asiyefungua apate jambo la msingi.

Uandikishaji mwingine ulikuja baadaye. Safari hii sikungoja mama yule anitafute. Nilimfuata kwenye nyumba anakokaa, nikamwomba radhi kwa ile siku, na nikamwambia kwamba haikuwa rezo peke yake. Sikumweleza mambo ya kivinjari. Alitoa simu yake, akafungua ukurasa mbele yangu. Herufi juu ya kioo ilikuwa E. Maneno yakatokea, akayasoma taratibu, kisha muhuri ukafika.

“Sasa maneno inatangulia,” akasema. “Iko muzuri.”

Aliandikishwa siku ya kwanza.

Ndugu msomaji, ukurasa wetu ukikuzungukia bila kufunguka, usinyamaze na usiseme tu ni rezo. Mtume mtu aniambie, au unisimamishe njiani. Niambie uko wapi, simu yako inaonyesha herufi gani juu ya kioo, na kitu gani hukukiona. Yule ambaye hajaona kitu ndiye ninayemhitaji kumsikia.